Kilimia, Wingu na Nguzo: Uhakiki wa Maneno Tutumiayo Kuzieleza Nyota

Makusudi ya makala haya ni kuyapima maneno yatumiwayo katika Kiswahili kuzieleza nyota, na hasa kueleza jinsi nyota inavyofanyika. Waandishi wa elimu ya falaki katika lugha yetu wameongezeka, na kazi yao yastahili shukrani. Lakini shukrani haiondoi haja ya uhakiki. Mhakiki wa ushairi huuliza kama tamathali ya mshairi yasema kweli au yapamba tu. Naona swali lilo hilo yapasa kuulizwa juu ya lugha ya sayansi, kwa sababu nayo haiendi bila ya tamathali. Mtu akiandika kwamba nyota huzaliwa katika wingu, kisha huwaka, na mwisho hufa, amekwisha tumia tamathali nne katika sentensi moja. Na katika hizo nne iko moja tu iliyo karibu na kweli yenyewe. Hiyo ni wingu.

Katika jambo hili ziko rai mbili ambazo sikubaliani nazo. Ya kwanza ni ya wale wasemao kuwa maneno ya kale ya mbingu ni mabaki ya ramli na jembe la mkono, hayafai darasani, na yapasa kuachwa. Ya pili ni ya wale wasemao kwamba wazee walikwisha jua yote, na kwamba ndani ya kila jina la kale imo sayansi nzima, ila sisi tumeisahau. Rai ya kwanza huidhulumu lugha. Ya pili huidhulumu kweli. Nitajaribu kuonyesha kwamba picha ya mbingu, iwe ya mkulima, ya baharia au ya mtaalamu mwenye darubini, ina kipimo kimoja: je, yamfikisha msomaji kwenye jambo lenyewe, au yamzuia njiani?

I. Maneno yalivyotufikia

Msamiati wetu wa mbingu umetoka pande tatu. Katika asili ya Kibantu tunayo nyota, mwezi, jua, wingu na kilimia. Kwa Kiarabu tumepata falaki, sayari, buruji, na majina kama Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwa lugha za Ulaya tumepokea galaksi, hidrojeni, heliamu na mengine ambayo bado hayajatulia katika tahajia moja.

Neno sayari latosha kuijibu rai ya kwanza. Asili yake katika Kiarabu ni kwenda. Sayari ni kile kiendacho, tofauti na nyota zikaazo mahali pake. Kwa watu wa kale jua na mwezi vilikuwa miongoni mwa viendavyo, na ardhi haikuwamo, kwa kuwa ilidhaniwa imetulia. Tangu Copernicus alipotoa kitabu chake mwaka 1543, hesabu iligeuka: jua likatoka katika orodha na ardhi ikaingia. Hata hivyo neno halikuvunjika. Leo mtoto wa shule asema kuwa dunia ni sayari, na asema kweli, kwa sababu dunia nayo yaenda. Neno la kale likiwa limesimama juu ya jambo lililotazamwa kwa makini, laweza kubeba elimu mpya bila ya kubadilishwa hata herufi moja.

Neno nyota lina habari nyingine. Pamoja na kuwa jina la kitu cha mbinguni, ni jina la bahati ya mtu. Husemwa kwamba fulani nyota yake imeng'aa, au imefifia. Na mnajimu wa kale aliombwa kuitazama nyota ya bwana harusi kabla ya posa kukubaliwa. Sina nia ya kulifanyia mzaha jambo hili, maana limeipa lugha yetu semi nzuri. Lakini mhakiki yapasa aone matokeo yake. Nyota ya bahati ni kitu kilichokamilika tangu mwanzo. Yapanda na kushuka, yang'aa na kufifia, wala haina asili. Ndiyo sababu katika msamiati wa unajimu tuna maneno mengi ya mahali zilipo nyota na mwendo wake, na hatuna hata moja la kufanyika kwake. Mwandishi wa sayansi anapofika hapo huona rafu tupu, ndipo huazima haraka haraka. Katika haraka hiyo ndimo makosa huingia.

II. Nyota iliyojificha katika upande wa dunia

Kabla ya kuyafikia makosa hayo, nataka kutaja neno moja ambalo laonyesha jinsi mbingu inavyoweza kukaa ndani ya lugha bila ya wenye lugha kuiona. Neno hilo ni suheli. Katika kamusi zetu suheli ni kusini. Asili yake ni Suhayl, jina la Kiarabu la nyota ambayo wataalamu wa Ulaya huiita Canopus, nyota ya pili kwa mng'aro katika mbingu yote ya usiku. Mabaharia wa Kiarabu waligawa dira yao katika sehemu 32, na sehemu nyingi waliziita kwa nyota zichomozazo au zituazo upande huo. Suhayl ilikuwa alama ya pande zilizo karibu na kusini. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika juu ya elimu ya bahari katika karne ya 15, alizitegemea nyota za namna hiyo katika mafundisho yake.

Baharia aliyetoka Maskati kuja kwetu kwa upepo wa kaskazi aliiona Nyota ya Kaskazini, waliyoiita Jah, ikishuka kila usiku kuelekea maji. Alipokaribia Mombasa, ambayo iko kiasi cha digrii 4 kusini ya mstari wa ikweta, nyota hiyo ilikwisha zama, wala haikuwa na msaada kwake tena. Basi si ajabu kwamba Suheli ilibaki pwani kwetu kama jina la upande. Lakini leo msomaji akilikuta neno hili katika shairi la kale hufikiri kwamba mshairi asema habari ya dira tu, ilhali huenda ameinua macho. Kamusi isiyotaja nyota katika maelezo ya neno suheli haikukosea maana, imepunguza historia.

III. Kilimia

Sasa nafika kwenye neno ambalo kwangu ni bora kuliko yote. Kilimia ni zile nyota ndogo zilizosongamana ambazo Waarabu huziita Thuraya. Mwenye macho mazuri huhesabu sita, pengine saba. Jina hili si la pwani peke yake. Wazulu na Waxhosa husema isiLimela. Wasotho husema Selemela. Na kwa desturi ya Waxhosa mwanamume alihesabu miaka ya utu uzima wake kwa kuzuka kwa nyota hizo tangu alipotoka jandoni. Jina lililoenea namna hii laonyesha kuwa wazo la kuzifungamanisha nyota hizi na jembe ni la kale sana miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kibantu.

Tulitazame umbo lake. Kitenzi si kulima tu, bali kulimia, yaani umbo la kutendea. Kilimia ni kitu cha kulimia, kitu ambacho kwacho mtu hulima. Jina halisemi kuwa nyota hizo zinafanana na nini. Mataifa mengine yamezifananisha na wasichana saba, au na kuku na vifaranga vyake. Picha hizo ni za kupendeza, lakini zote zategemea sura. Jina letu lategemea kazi. Na jina la kazi lina faida hii, kwamba halidai lolote juu ya kitu chenyewe kimefanywa kwa nini, na kwa hiyo elimu mpya haiwezi kulisuta.

Uangalizi uliomo ndani yake ni sahihi. Wazee wa pwani husema kwamba kilimia kikituwa wakati wa mvua huchomoza wakati wa jua, na kinyume chake. Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kilimia huonekana chini katika upande wa magharibi baada ya jua kutua, kisha humezwa na mwanga wake. Hakionekani kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, ndipo katika Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko. Katika pwani yetu kuzama huko huangukia ndani ya masika, na kuzuka huangukia mvua inapopungua na kipupwe kuingia. Kilimia hakileti mvua wala hakiizuii. Ni saa iliyotundikwa mbinguni, na mkulima aliisoma kama sisi tusomavyo kalenda ukutani.

Hapa rai ya pili hujitokeza na kusema: basi wazee walijua yote. Hapana. Walijua lini, hawakujua nini. Wala kwa kazi yao hawakuhitaji kujua. Darubini imeonyesha kuwa katika kilimia ziko nyota zaidi ya 1,000, mbali na sisi kwa kiasi cha miaka 440 ya nuru, yaani nuru yake tuionayo usiku huu ilisafiri muda wa miaka 440 kabla ya kutufikia. Nyota hizo hazikukutana kwa bahati. Zilitoka katika wingu moja, kwa wakati mmoja, na zingali zikisafiri pamoja. Umri wake wakadiriwa kuwa kiasi cha miaka milioni 100. Kwa nyota huo ni ujana: jua letu lina miaka ipatayo bilioni 4.6. Wale wanyama wakubwa wa kale ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, tangu mwaka 1909 hadi 1913, waliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Kwa makadirio hayo, walitembea chini ya mbingu isiyokuwa na kilimia.

Liko funzo jingine katika nyota hizi. Picha zilizopigwa kwa darubini zaonyesha ukungu wa rangi ya buluu ukizizunguka. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kuwa huo ni mabaki ya wingu zilimotoka nyota zenyewe. Dhana hiyo ilikuwa ya kuvutia, na ilikuwa si kweli: ukungu huo ni vumbi la wingu jingine, ambalo kilimia hupita ndani yake katika safari yake. Picha haimpotezi mkulima peke yake. Humpoteza mtaalamu pia.

IV. Madhara ya neno kundi

Katika vitabu vingi kilimia huelezwa kuwa ni kundi la nyota. Maelezo haya si ya uongo, ila hayatoshi, kwa maana fungu hili hili la maneno hutumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana.

Jambo la kwanza ni mchoro: nyota ambazo jicho la binadamu limeziunganisha kwa mistari likaona ng'ombe, nge au jabari. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulikubali mwaka 1922 orodha ya michoro 88. Jambo la pili ni nyota zilizotoka katika wingu moja, kama kilimia. Jambo la tatu ni galaksi, yaani mji mkubwa wa nyota, kama ule tuliomo, wenye nyota si chini ya bilioni 100.

Madhara ya kuyachanganya haya yaonekana mara moja katika mchoro wa Ng'ombe, ambao wenye kufuata buruji huuita Thauri. Ndani yake kimo kilimia, na karibu nacho yako macho mekundu ya ng'ombe, au tuseme jicho moja, ambalo ni nyota iitwayo Dabarani. Jina hilo kwa Kiarabu lina maana ya mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo yaonekana kumfuata Thuraya mbinguni usiku kucha. Msomaji akiambiwa kuwa Dabarani na kilimia viko katika kundi moja atafikiri kuwa ni majirani. Lakini Dabarani iko umbali wa miaka 65 ya nuru, na kilimia 440. Anayemfuata mwenzake hajawahi kuwa katika njia yake. Ujirani huo uko katika jicho letu tu. Mtu atazamaye kutoka upande mwingine wa anga asingeona ng'ombe wala mfuasi.

Kwa mchoro, neno kundinyota limekwisha zoeleka, na sioni faida ya kulipiga vita. Lakini mwandishi asilitumie bila ya kusema kwamba ni mchoro. Kwa galaksi tubaki na galaksi. Kwa nyota za asili moja wengine wamependekeza fungu. Neno ni zuri kwa ufupi, ila lina upungufu. Fungu la dagaa sokoni limepangwa kwa mkono wa muuzaji; dagaa wake hawana lazima ya kutoka katika mtego mmoja. Kwa hiyo fungu laturudisha kwenye mkono wa mpangaji, na hapo ndipo tulipotaka kuondoka. Mimi naona ukoo wa nyota ni bora. Ukoo hutambuliwa kwa asili yake, si kwa mahali wakaapo watu wake. Na watu wa ukoo hutawanyika. Ndivyo zifanyavyo nyota. Kilimia nacho kitatawanyika katika muda wa mamia ya mamilioni ya miaka, na yaelekea kwamba jua letu lenyewe lilitoka katika ukoo uliokwisha tawanyika zamani.

V. Giza lilivyosomwa

Nimesema kuwa wingu ndiyo tamathali iliyo karibu na kweli. Mwanafalaki al-Sufi, alipoandika kitabu chake cha nyota kiasi cha mwaka 964, alitaja alama ndogo yenye sura ya wingu katika upande wa Andromeda. Leo twajua kwamba ile ilikuwa galaksi. Neno la Kilatini nebula, ambalo baadhi ya waandishi wetu hulichukua kama lilivyo, maana yake ni ukungu au wingu tu. Sababu ya kuliazima siioni. Anayeandika nebula kwa Kiswahili humnyima msomaji maana ambayo Mlatini aliipata bure.

Lakini mawingu yang'aayo si yote. Yako mawingu meusi, baridi, ambayo huonekana kama mapengo katika ule ukanda mweupe upitao mbinguni. Mwishoni mwa karne ya 18 William Herschel, mtazamaji hodari kuliko wote wa zama zake, alipokutana na pengo la namna hiyo alilichukua kuwa ni tundu mbinguni. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Edward Barnard kutoa, mwaka 1919, orodha ya alama nyeusi 182, na fikira ikageuka: nyingi za alama hizo si matundu, ni vitu. Ni vumbi na hewa nzito zinazokinga nuru ya nyota zilizo nyuma yake.

Sasa tutazame waliochora mbingu bila ya darubini. Wenyeji wa milima ya Andes walimwona llama katika sehemu nyeusi za ukanda ule. Wenyeji wa Australia walimwona ndege emu, ambaye kichwa chake ni doa jeusi lililo kando ya Msalaba wa Kusini. Hawakuunganisha nyota kwa mistari; walichora giza lenyewe, na katika kulichora walilihesabu kuwa ni mwili. Hawakujua kwamba mawingu ya aina hiyo ndiyo nyota zinamoumbika. Lakini picha yao haikuuziba mlango wa kweli hiyo, ilhali tundu la Herschel liliuziba. Vivyo hivyo katika masimulizi ya Wa/Xam wa Afrika ya Kusini, msichana wa kale alirusha majivu mbinguni, ndipo ukanda ule ukawa. Majivu ni picha nzuri, maana vumbi lililo katika mawingu yale limetokana na nyota zilizotangulia.

Kiswahili basi kina haja ya kusema wingu jeusi la nyota, kwa maneno hayo hayo yaliyo wazi, na kumfundisha msomaji kwamba mahali palipo peusi pana kitu.

VI. Vitenzi vitatu

Yabaki tendo lenyewe. Wingu lifaalo kufanya nyota lina baridi kali, kiasi cha digrii 260 chini ya sifuri, na sehemu yake kubwa ni hidrojeni. Mahali fulani ndani yake panapokuwa pazito kuliko kwingine, uzito wa wingu hushinda msukumo wa hewa uliokuwa ukilizuia, nalo huanza kujisonga kuelekea kitovu chake. Kwa kuwa lilikuwa likizunguka kidogo, likijisonga huzunguka kwa haraka zaidi, na sehemu ya hewa na vumbi hutandaa kama sahani kukizunguka kitovu. Mwaka 2014 darubini za ALMA, zilizo katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilitoa picha ya sahani kama hiyo kuizunguka nyota changa iitwayo HL Tauri, iliyo katika mchoro ule ule wa Ng'ombe. Miduara myeusi ilionekana ndani yake, na wataalamu wengi huiona kuwa ni dalili ya sayari zinazofanyika. Kitovu huzidi joto, hata kinapofikia kiasi cha digrii milioni 10 viini vya hidrojeni huanza kuungana kuwa heliamu. Hapo nyota imekuwa nyota. Kwa nyota ya ukubwa wa jua, safari hiyo huchukua kiasi cha miaka milioni 50.

Tendo hili tuliite nini? Waandishi wengi husema kuzaliwa. Katika Kiswahili kuzaliwa ni umbo la kutendwa la kuzaa, na umbo hilo humdai mtenda. Mtu akisema amezaliwa, swali liko mlangoni: na nani? Msomaji atajibu: na wingu. Ndipo picha nzima huenda kombo, maana mama huzaa akabaki, na mtoto hutoka ndani yake akiwa kitu kingine, kisha hula na kukua. Nyota haitoki katika wingu kwa namna hiyo. Nyota ni sehemu ya wingu lenyewe iliyojisonga. Na ikiisha kufanyika haikui kama mtoto, bali huanza kutumia akiba yake. Wingu halizai nyota. Wingu hugeuka nyota.

Wengine husema kuganda, kama maziwa yagandavyo. Sura ya jambo imo, kwa kuwa chembe zilizotawanyika hukusanyika pamoja. Lakini mafuta ya nazi huganda kwa baridi, na nyota hupata joto kwa kujisonga kwake. Aliyejaza upepo gurudumu la baiskeli ajua kwamba pampu hupata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto. Mfano huo wa pampu wafaa darasani kuliko maziwa yote.

Kitenzi cha tatu ni kuwaka. Hiki kimekita mizizi, na katika ushairi sitakigusa. Katika sayansi ni hatari. Moto wa kuni ni hidrojeni na kaboni kuungana na oksijeni. Nyota haina moto wa namna hiyo. Jua lingekuwa makaa ya mawe, lingekwisha katika muda wa miaka elfu chache. Cecilia Payne alionyesha mwaka 1925 kwamba nyota zina hidrojeni kwa wingi kupita vitu vingine vyote, na mwaka 1939 Hans Bethe alieleza jinsi viini vinavyoungana na kutoa nguvu. Katika muungano huo uzito hupungua kidogo, na upungufu huo ndio nuru: jua hupoteza tani zaidi ya milioni 4 za uzito kila sekunde. Neno myeyungano, lililoundwa kwa kuyeyuka na kuungana, limeanza kutumika kwa jambo hili. Nusu yake ya kwanza ina kasoro, maana hakuna kigumu kiyeyukacho. Lakini muungano peke yake limeshughulika mno katika siasa, na si vibaya sayansi ikiwa na lake.

Kwa tendo zima napendekeza kuumbika. Umbo hili la kutendeka halimtaji mtenda wala halimkani. Mwenye kuamini aweza kulisoma akamshukuru Muumba, na mwenye kupima aweza kulisoma akataja uvutano. Wala hapana atakayesema kuwa lugha imemlazimisha. Sifa hiyo kuzaliwa halina.

VII. Nguzo zisizobeba kitu

Isidhaniwe kuwa wataalamu wa leo wameacha kuchora. Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilipiga picha ya mawingu matatu marefu katika wingu liitwalo la Tai, mbali nasi kwa miaka ipatayo 6,500 ya nuru, na picha hiyo ikapewa jina la Nguzo za Uumbaji. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilizipiga upya kwa nuru isiyoonekana kwa jicho, na nyota changa nyingi zilizofichwa na vumbi zikadhihirika. Rangi za picha ya kwanza zilichaguliwa na watu: kijani kwa hidrojeni, nyekundu kwa salfa, buluu kwa oksijeni. Hakuna udanganyifu katika jambo hilo, lakini ni mchoro, na mtazamaji yafaa aambiwe.

Jina lenyewe lapasa kuhakikiwa zaidi. Katika Kiswahili nguzo ina uzito. Tuna nguzo za nyumba, na nguzo tano za Uislamu. Nguzo ni kile ambacho kikiondolewa, jengo huanguka. Zile za mbinguni hazibebi kitu. Nuru kali ya nyota kubwa changa zilizo karibu yazila, na kilichosimama ni kile kilichokuwa kizito mno kuliwa upesi. Pwani kwetu tunayo mawe ya matumbawe yaliyosimama peke yake majini, yameliwa chini na mawimbi, na yale laini yaliyokuwa kando yake yamekwisha ondoka. Hiyo ndiyo picha ya kweli. Mfasiri asemaye miamba iliyoliwa amepoteza fahari ya jina, lakini amepata sababu ya sura.

VIII. Neno la mwisho

Fasihi yetu imekwenda mbinguni mara nyingi. Tenzi za Miiraji zimemsindikiza Mtume katika mbingu saba. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliweka nchi nzima angani, akaonyesha wajumbe waliotumwa pande zote, mbinguni pia, wakarudi na habari za manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Mbingu katika kazi hizo ni mahali pa kuipimia haki ya dunia. Hilo ni tunu. Lakini kisa cha wajumbe chatuhusu kwa namna nyingine pia: habari ya kweli ikifika nyumbani yaweza kufungwa kwa sheria, na yaweza kufungwa kwa maneno mabaya. Mtoto aliyefundishwa kwamba nyota ni moto unaowaka katika kundi amepewa habari iliyofungwa mikono.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa wenye kutunga kamusi na vitabu vya shule. Kwanza, maelezo ya kilimia na suheli yataje nyota ni zipi, zilitumiwaje, na elimu ya leo yasema nini juu yake. Pili, mchoro, ukoo na galaksi vitenganishwe kwa majina, na neno kundi lisibebeshwe yote matatu. Tatu, kila tamathali ya kigeni inapoingia iulizwe kwanza kama Kiswahili hakina iliyo bora, kama ilivyo kwa wingu. Na kila tamathali ya nyumbani iulizwe kama bado yasema kweli, kama ilivyo kwa kuwaka. Taa za miji zimekwisha kumficha kilimia kwa wakazi wengi, na jina lisilotazamwa mbinguni halina pengine pa kuishi ila katika kamusi iliyoandikwa vizuri.